Fundi wa Matundu Mawili

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Mwanangu ana miezi mitano sasa, amenenepa, analia kwa sauti ya kumfanya jirani agonge ukuta, na bado kila nikipita karibu na kitanda chake nasimama, nainama, naweka kiganja mbele ya pua yake nisikie kama pumzi inatoka. Mume wangu ananicheka. Acheke, yeye hakuwepo siku ile. Kama mtoto huyu yupo, na kama mimi niko hapa Nyamitanga nikiandika haya huku madirisha yote yako wazi na mbu wananila miguu, ni kwa sababu ya mtu mmoja niliyemwogopa utotoni, nikamdharau nilipokua, na sikumwelewa mpaka aliponivunjia mlango.

Tulimwita Fundi. Kule Nakivale, kambi ya wakimbizi nilikokulia, mafundi wamejaa, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu wa upande wetu walijua unamsema nani. Alikuwa mjenzi wa nyumba za matofali ya udongo. Kiswahili chake kilikuwa cha Kivu ya Kusini kama chetu, na zaidi ya hapo hatukujua kitu. Ukimuuliza ametoka wapi, alikujibu, "Minatoka ku kazi," na kweli unamwona miguu imekauka matope.

Kwanza niseme habari ya koti lake. Lilikuwa koti zito la kahawia, la mitumba, refu mpaka magotini, la mtu aliyekuwa mnene kuliko yeye. Alilivaa kiangazi na masika. Watu wanatembea vifua wazi, jua linapasua vichwa, Fundi yumo ndani ya koti lake anachanganya udongo. Katika mfuko wa kulia alitia nyundo ndogo, katika wa kushoto kamba na mwiko wa kusawazishia. Sijapata kuona mtu mwenye kuogopa baridi kama yeye. Upepo ukivuma kutoka ziwani alikunja mabega na kusaga meno kama mgonjwa wa malaria.

Sasa huyohuyo mwoga wa baridi ndiye aliyekuwa akitoboa nyumba za watu. Kila chumba alichojenga alikiachia matundu mawili. Moja chini, karibu na sakafu, la kupitisha ngumi. La pili juu, chini ya bati, kwenye ukuta wa pili unaotazamana nalo. Hakumwomba mwenye nyumba ruhusa, kama vile fundi asivyoomba ruhusa ya kuweka mlango. Ukimuuliza, alikuonyesha kwa mwiko: "Ya chini ya kuingilia, ya juu ya kutokea." Nani anaingia na nani anatoka, hakusema, na sisi watoto tulijaza wenyewe.

Hakuna aliyeyataka matundu hayo. Baridi ya mvua ya Nakivale si ya mchezo, na nyumba zenyewe hazina dari. Tena kuna nyoka, kuna mkono wa mwizi, kuna hao wa usiku ambao watu wazima hawakupenda kuwataja kwa jina. Kwa hiyo Fundi akishalipwa na kugeuza mgongo, mwenye nyumba aliziba. Aliziba kwa gunia, kwa sweta lililochakaa, kwa kipande cha shitingi, yale maturubai tuliyopewa siku ya kufika. Na Fundi alirudi. Mvua zikianza alipita nyumba hadi nyumba bila kualikwa, anapiga hodi, anasalimia kwa adabu zake zote, anapanda juu ya kiti, anachomoa. Vitambaa alivitia ndani ya gunia lake na kuondoka navyo. Wanawake walimfuata mpaka njiani.

"Ee Muzee Fundi, utatuua na baridi!"

"Baridi iko na dawa. Vaa koti."

Ndilo lilikuwa jibu lake, kwa mwenye koti na asiye nalo. Mama yangu alimchukia kwa jibu hilo tu. Alisema mtu mwenye koti ndiye anayepata nguvu ya kuwaambia wenzake wavae makoti.

Nyumba yetu pia aliijenga Fundi, na tundu la juu lilikuwa juu ya mkeka wangu. Nililiona kama jicho. Watoto wa jirani waliniambia kwamba Fundi anaacha njia ya wale wanaokuja kuhesabu waliolala, na kwamba ukihesabiwa mara tatu huamki. Nilikuwa na miaka saba. Nilipanda juu ya ndoo, nikachukua gauni langu la njano la kwenda kanisani, nikalisokomeza mle mpaka giza likakamilika. Baada ya siku mbili Fundi akaja. Alilichomoa, akalikung'uta vumbi, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona nyuma ya mlango.

"Hii ni ya kuvaa," akaniambia. Kisha akachuchumaa. "Unaogopa nini?"

"Tundu."

"Ogopa ukuta."

Akaenda zake. Tangu siku hiyo nilikuwa na vitu viwili vya kuogopa badala ya kimoja.

Kuhusu moto alikuwa na maneno mengi, na ndipo watu walipomwona amepungukiwa. Alisema moto ni mtu wa nyumbani: unapumua kama sisi. Ukiufungia chumbani pamoja nawe utakula hewa yako, na wenyewe una mdomo mkubwa kuliko wako. Alisema moshi una adabu, kwa kuwa unakuchoma macho utoke. Kinachoua hakina moshi wala harufu. Sasa kwetu kila mama alijua namna ya kuotesha nyumba: unawasha mbabula nje, lile jiko letu la makaa, unaupepea mpaka moshi wote uishe na makaa yawe mekundu safi, ndipo unauingiza ndani na kufunga mlango. Hiyo ndiyo ilikuwa busara yetu. Mama mwenye kuingiza mbabula unaofuka alionekana mchafu na mjinga. Fundi akija kusema kwamba huo mwekundu safi ndio mbaya kabisa, walimtazama, wakatazama koti lake kwenye jua lile, wakamwonea huruma.

Halafu ikaja asubuhi ya jirani zetu, mtu na mkewe na watoto wao wawili. Nyumba yao ilijengwa na Fundi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mlango haukufunguliwa, jua likapanda, wanaume wakauvunja. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na hakuna aliyekumbuka kunifukuza, kwa hiyo niliona. Walikuwa wamelala wote wanne, kila mmoja na blanketi lake, hakuna damu, hakuna kilichoanguka. Mtoto mdogo alikuwa na kidole mdomoni. Sikulia. Niliogopa mpaka mkojo ukanitoka.

Watu wakaanza kusema sumu, wakasema uchawi, kisha sauti ikauliza ni nani alijenga nyumba hii, mwenye kuacha njia ukutani? Vijana wakakusanyika. Fundi akafika mwenyewe, koti limelowa, akapenya katikati yao na kuingia ndani. Alitoka ameshika gunia lililokunjwa na sweta la mtoto. Aliviweka chini mbele ya watu, akarudi akatoa na mbabula uliojaa majivu meupe.

"Hii ilikuwa juu. Hii ilikuwa chini. Hii njo imeua bantu," akasema, akiugusa mbabula kwa mguu.

Mtu akampiga kofi. Hakurudisha, hakujikinga hata uso. Polisi wakamchukua, wakasema ni kwa usalama wake, akakaa huko siku tatu. Siku ya nne alikuwa juu ya kiti chetu anachomoa kitambaa cha Mama, na Mama kwa mara ya kwanza hakumfokea. Lakini alipotoka Mama alikirudisha, kwa sababu usiku huo mvua ilinyesha tena.

Kuna mambo mawili juu ya Fundi ambayo hayakuingiana na mengine. La kwanza ni nyumba yake. Mtu huyu wa kukunja mabega kwa upepo mdogo hakuweka mlango wa mbao. Alitundika pazia la gunia, na alilala palepale kizingitini ndani ya koti, kichwa nje, ukipita alfajiri unaweza kumkanyaga. La pili ni wazazi, wanawake waliojifungua. Kwetu mwanamume haingii chumba cha mzazi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, hata awe nani, na hao ndio wanaofungiwa na moto kuliko watu wote, maana upepo ukimpata mzazi husemwa kwamba maziwa yatakauka na mtoto atavimba tumbo. Ungedhani Fundi angeanzia kwao. Hapana. Nyumba ya mzazi ndiyo pekee ambayo hakuikagua. Alisimama njiani mbali, akaita kuuliza kama ni wazima, "Bako bazima?" Akijibiwa ndiyo, hakuondoka upesi. Alibaki pale anavua kofia na kuivaa. Tulisema angalau mila anaiheshimu.

Niliolewa Mbarara. Mume wangu ni dereva wa lori, mtoto wa askari, amekulia kambi ya jeshi ya Makenke na Kiswahili chake ni cha hukohuko. Mimi nashona. Nyumba tuliyopanga Nyamitanga ina saruji na dari, na juu ya kila dirisha kuna safu ya matofali yenye vitundu, kama nyumba nyingi za hapa. Nilipoviona mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikasema Fundi amenifuata.

Nilijifungua wakati wa mvua. Wiki moja kabla, mume wangu alikuja na hita ya gesi, sanduku lenye magurudumu na mtungi mgongoni, aliyoinunua kwa afisa aliyehamishwa. Aliisimamisha chumbani, akaiwasha, ikatoa moto wa bluu bila sauti.

"Ona sasa," akasema kwa furaha. "Hii kitu haina moshi hata kidogo. Haina bomba, haina nini. Mtoto atakaa joto kama yuko Ulaya."

Nami niliyeuona mlango ule ukivunjwa nikiwa na miaka kumi na miwili, nilisema asante. Nilijua habari ya makaa. Hii haikuwa makaa. Kitu kinachong'aa namna ile, kilichotoka nyumba ya afisa, sikukiweka fungu moja na mbabula.

Mama akaja kutoka Nakivale kunilea uzazi, mume wangu akaenda safari. Siku ya kwanza Mama alitazama vitundu vya juu ya madirisha, akasonya, akapanda kitandani na kuviziba vyote kwa vitenge vyangu. Sikumkataza. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na baridi ya mtu aliyemwaga damu, na mikono ya mama yako ikikufunika huombi maelezo. Chini ya mlango akaweka taulo. Siku ya tatu kichwa kilianza kuniuma, nikasema ni uzazi. Siku ya nne moto wa hita haukuwa wa bluu tena, ulikuwa wa njano na unacheza, nikauona mzuri. Siku hiyo, saa nane mchana, mvua inanyesha, Mama alikwenda sokoni kutafuta unga wa uji. Alifunga mlango kwa kufuli kwa nje ili wageni wasinisumbue na upepo usiingie nao.

Nakumbuka niligeuka kumnyonyesha mtoto na mkono haukugeuka. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Mtoto alikuwa kimya, na ukimya wake ukanipendeza, nikasema amelala vizuri. Kisha nikasikia hodi, mbali sana, kama mtu anagonga nyumba ya mtaa mwingine. Hodi. Hodi ya pili. Nilimjua kwa sauti. Nilitaka kuitika na mdomo ukakataa. Hapo ndipo hofu iliponiingia, hofu ambayo haijatoka mpaka leo: nilielewa kila kitu, niliona tundu, niliona sweta la mtoto yule, na sikuweza kuinua hata kidole.

Fundi alikuwa amekuja Mbarara kupimwa kifua, na watu wa nyumbani walimpa mfuko wa maharage aniletee. Jirani alimwambia mzazi yumo ndani, mama yake amefunga, subiri atarudi. Hakusubiri. Kioo cha dirisha kilianguka kitandani, kisha cha pili. Halafu nikasikia nyundo ile ndogo ikipiga kufuli, mara nyingi, na mtu anakohoa katikati ya mapigo. Alimchukua mtoto kwanza. Alirudi akanishika kwapani, akaniburuta kama mfuko wa saruji mpaka uani, kwenye matope, mvua inanipiga kifua kikiwa wazi. Mtoto alikuwa ndani ya koti lake. Fundi amebaki na shati, anatetemeka mwili mzima, anampulizia usoni na kumwambia, "Lia. Lia, baba. Tukana hata."

Mtoto akalia. Sijasikia kitu kizuri kama kilio kile.

Mama alirudi akatukuta hivyo: mlango umevunjwa, binti yake nusu uchi mvuani, na mwanamume mzee. Alitupa unga. "Muzee! Unaingia ku nyumba ya muzazi? Wewe muzee mwenye heshima?"

Fundi hakumtazama. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Kwa binti yangu sikuingia," akasema. "Alikuwa muzazi wa siku tatu. Nilisimama inje, nilipiga hodi. Moyo ilikuwa inaniambia ingia, nikasema hapana, mila. Nilingojea mama yake arudie ku soko." Akafuta mvua usoni. "Alirudia."

Mama aliketi palepale kwenye matope kando yangu. Jirani akaleta bodaboda mbili za kutupeleka hospitali. Huko tulivutishwa hewa ya mtungi, mimi na mtoto, na daktari akatuambia yale aliyokuwa akisema Fundi miaka yote, kwa maneno ya shule. Hita isiyo na bomba hutoa sumu yake humohumo chumbani. Lazima hewa iwe na pa kuingia na pa kutokea, hita haiwekwi chumba cha kulala, haiachwi ikiwaka mtu amelala, na moto ukigeuka njano au kichwa kikiuma, izime utoke. Mume wangu aliporudi safari alitaka kuiuza. Nilikataa, kwa kuwa angeiuza kwa mtu. Iko nyuma ya nyumba, bila mtungi, na kuku hulala juu yake.

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto Nakivale kwa Fundi. Nilikuwa nimesikia kwamba kifua kimemwangusha, na kwamba Mama Furaha, mjane wa jirani yake, ndiye anayemtunza. Nilifika asubuhi, mvua nyembamba inanyesha. Pazia la gunia halikuwepo. Palikuwa na mlango, mbao mpya, umefungwa.

Mama Furaha alinipokea kwa furaha. "Tulimuhurumia muzee," akasema. "Alikuwa analala na kichwa inje, na hii kikohozi. Vijana ba kanisa bakamutengenezea mulango. Mimi nikamuwekea moto. Njoo, ingia upesi, baridi isiingie."

Ndani joto lilinipiga usoni. Mbabula ulikuwa katikati ya chumba, mwekundu safi, hakuna hata uzi wa moshi. Fundi alikuwa mkekani, amekwisha, blanketi mpaka kidevuni. Hakugeuka kunitazama. Macho yake yalikuwa juu, chini ya bati, na niliyafuata. Tundu lilikuwa limezibwa kwa kitu cha kahawia, kimesokomezwa kwa nguvu ya upendo. Lilikuwa koti lake. Alikuwa analitazama kwa macho niliyoyajua, macho yangu mwenyewe siku ile kitandani, na midomo inacheza bila kutoa sauti. Sijui alikuwa amelitazama tangu saa ngapi.

Nilimtupia Mama Furaha mtoto na kumwambia amtoe nje. Nilipiga teke mlango, nikaubeba mbabula kwa upindo wa kitenge na kuuweka kwenye mvua, ukachemka. Nikarudi nikapanda juu ya kiti. Koti lilikataa kutoka, nikalivuta kwa mikono miwili mpaka nikaanguka nalo, na mwanga ukaingia pamoja na upepo wa ziwa.

Nyuma yangu Mama Furaha alikuwa analia mlangoni, anasema hakujua, anasema moshi wote ulikuwa umeisha. Nilimwamini. Nilipiga magoti nikalikung'uta koti vumbi. Fundi alikuwa ameanza kutetemeka, na sauti ikamrudia kidogo.

"Baridi," akasema.

"Baridi iko na dawa," nikamwambia, nikauingiza mkono wake wa kwanza, kisha wa pili. "Vaa koti, Fundi."